Sura ya Tano: Panda Kinachoingia Chunguni

Katika mwambao wa Tanga, Pwani na Dar es Salaam, mvua za vuli huaga Desemba, na masika hayarudi hadi Machi. Katikati hapo pana miezi ya upepo wa kaskazi na jua linalochoma hadi mchanga wa uani haukanyagiki kwa miguu mitupu. Familia nyingi zenye vibustani huyatupa matuta yao wakati huu. Jembe hutundikwa, mchicha wa mwisho hung'olewa, kuku huachiwa waingie wachakure. Kisha watu haohao huenda gengeni na kukuta fungu la mchicha limekonda na bei ni ileile, au imepanda.

Mimi nashikilia kwamba ni katika miezi hiyo bustani ya nyumbani huwa na thamani kubwa kuliko miezi mingine yote. Masika mboga ni tele, hata aliyepanga chumba kimoja atachuma mchicha pori njiani. Kiangazi ndipo nyumba hubaki na ugali na mchuzi mtupu siku tatu mfululizo, na ndipo watoto wapo nyumbani kwa likizo ya Desemba, mikono yao ikitafuta kazi. Lakini bustani ya kiangazi haisamehe chaguo baya. Maji ni machache, jua ni kali, na kila hatua ya ardhi inayomwagiliwa lazima ilipe. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, familia ianze jikoni.

Jioni moja mkishakula, kaeni pamoja, watoto wakiwemo, mkumbuke mlichopika wiki iliyopita, siku baada ya siku, na mmoja aandike kwenye daftari. Kwetu Kibaha orodha hiyo haibadiliki sana: matembele ya kukaanga, kisamvu cha nazi, dagaa na nyanya chungu, mchicha, samaki wa mchuzi na bamia, maharage, na pilipili karibu kila siku. Kinachojirudia kwenye orodha ndicho kinachostahili maji yenu. Wengi huenda kinyume. Huingia duka la pembejeo, huvutiwa na pakiti yenye picha ya kabichi iliyofunga vizuri, hununua. Kabichi ni ya Lushoto na Njombe, kwenye ubaridi. Uani kwenu, mwezi wa kwanza, itawapa majani makavu na viwavi. Hata kama ingefunga, nyumba isiyokuwa na mazoea ya kabichi haitaanza kuipenda kwa sababu tu imeota mlangoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa nyumba ya watu sita hizo ni karibu kilo mbili na nusu kila siku, na niseme wazi kwamba bustani ya uani haitazitoa zote. Hilo lisiwakatishe tamaa. Kazi ya bustani ndogo ni majani na viungo, yaani vitu vinavyonyauka upesi, vinavyoanza kupoteza ladha na vitamini tangu vinapochumwa, na ambavyo sokoni huwa vimelala juani tangu alfajiri vikinyunyiziwa maji ili vionekane vibichi. Vitunguu, viazi na karoti husafiri bila shida, hivyo nunueni. Matembele hayasafiri.

Nyanya ndiyo ngumu kuizungumzia, maana hakuna jiko la pwani lisilo na nyanya na kila anayeanza bustani hutaka kuanza nayo. Mnyanya utachanua kwenye joto, lakini usiku ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 21 hivi, chavua hudhoofika na maua hupukutika bila kufunga tunda. Usiku wa Januari kwetu ni wa joto kuliko hapo, kila mtu anayelala bila shuka anajua. Ongeza kantangaze, nondo mdogo aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ambaye viwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa ya kunyunyizia haiwafikii kwa urahisi. Ushauri wangu ni kwamba kiangazi nyanya zitoke Lushoto au Iringa kwa lori, nanyi mnunue. Zenu zipandeni Mei, masika yakianza kwisha na ubaridi kuingia. Aina za Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, zimekuwa mikononi mwa wakulima tangu miaka ya 1990 na bado ni nzuri kwa uani, kwa sababu ngozi yake haipasuki ovyo na tunda hukaa siku kadhaa kapuni.

Sasa tuje kwa mimea inayolipenda jua. Mchicha unaongoza. Mmea huu, pamoja na mgagani na mahindi, una namna ya kutengeneza chakula ambayo mboga nyingi hazina: huikusanya hewa ya kaboni na kuirundika ndani ya jani, kwa hiyo hauhitaji kuyaacha wazi kwa muda mrefu matundu madogo ya majani ambamo maji hupotelea. Jua la saa saba mchana linalolegeza spinachi huukuta mchicha ukifanya kazi. Mbegu zake ni ndogo mno, gramu moja hubeba zaidi ya elfu moja, na asiyezichanganya na mchanga mkavu kabla ya kusia atapata kichaka hapa na upara pale. Ukisia katika mistari, ukafunika kwa udongo mwembamba na kumwagilia kwa upole, wiki ya tatu au ya nne unang'oa wa kwanza. Ukipenda kukata badala ya kung'oa, acha shina la kiganja kimoja na litachipua tena.

Matembele yanafuata, na haya hayahitaji hata mbegu. Omba marando kwa jirani, kata vipande vya urefu wa sentimita 30 hivi, laza kwa mshazari, fukia theluthi mbili. Baada ya mwezi na kidogo unaanza kuchuma ncha, na kila ukichuma hutoka ncha mpya. Kunde hustahimili ukame, huupatia udongo naitrojeni kupitia vinundu vya mizizi yake, na majani yake machanga ni mboga kabla hata maganda hayajatokea. Bamia huzaa miezi miwili hivi baada ya kupandwa, kwa hiyo ya Januari ipandwe mapema Novemba wakati vuli bado ipo. Nyanya chungu inataka subira zaidi: kitaluni mwezi mmoja au zaidi, kisha miezi miwili mingine hadi mitatu kabla ya tunda. Asiyeisia Septemba asiitarajie mwaka mpya. Lakini ikishaanza hairudi nyuma, na mche mmoja uliokatiwa matawi vizuri huendelea kuzaa kwa miezi mingi.

Kisamvu nimekiacha mwisho kwa makusudi. Nyumba nyingi za pwani zina mti mmoja uliosimama pembeni mwa ua, mrefu kuliko muhogo wa kawaida, majani mapana, unaoitwa kisamvu mpira. Watu huuchuma bila kujua ulikotoka. Asili yake ni Brazil, na wakoloni wa Kijerumani waliupanda kwa maelfu katika mashamba ya Tanga na Morogoro ili kukinga utomvu wake wa mpira. Mwaka 1913 bei ya mpira duniani ikaanguka, mashamba yakatelekezwa, miti ikabaki. Katika miaka ya 1930, huko Amani kwenye milima ya Usambara, watafiti wakauchanganya mti huo na muhogo ili kupata mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato, na damu yake, kama naruhusiwa kusema hivyo juu ya mmea, imo katika mihogo mingi ya Afrika hadi leo. Kwa mwenye bustani ya kiangazi jambo la muhimu ni moja: mizizi yake huenda chini sana, kwa hiyo hauombi maji. Kata kipande cha shina, chomeka pembeni mwa uzio wakati wa mvua, na mwaka unaofuata mti huo utawalisha wakati kila kitu kingine kimesinyaa.

Maji ndiyo hesabu ya kweli ya kiangazi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta lililoshonana majani, kwa jua la kaskazi, hutumia karibu lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ndoo moja ya lita 20, basi, inatosha tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita nne. Fanya hesabu hiyo kabla ya kulima. Kama nyumba yenu inaweza kutenga ndoo mbili kwa siku, limeni matuta mawili ya kipimo hicho na si zaidi. Nimeona bustani kubwa zikifa wiki ya pili ya Januari kwa sababu mwenyewe alilima kwa nguvu za Novemba.

Sehemu kubwa ya ndoo hizo mbili hutoka jikoni. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kulowekea maharage, yote yaende kwenye beseni moja mlangoni badala ya kumwagwa. Maji ya kuoshea samaki ni mazuri, ila yamwageni kwenye kijishimo na mkifukie, vinginevyo paka watafukua. Maji ya sabuni ya kufulia yapelekeni kwenye mipapai na migomba, yasiguse majani ya kula. Maji yaliyochemshiwa kitu kwa chumvi yasiende popote penye mmea. Na kwa walio karibu na bahari, onjeni maji ya kisima chenu: yakiwa na chumvichumvi, maharage yatakuwa ya kwanza kuyakataa, wakati kunde huvumilia kidogo zaidi.

Mchanga wetu wa pwani hauna tumbo la kuhifadhi maji, na dawa yake ipo kwenye kila nyumba inayokuna nazi. Chimba mtaro wa kina cha nusu mita chini ya mahali pa tuta, panga makumbi ya nazi tumbo likitazama juu, yaloweshe hadi yashibe, kisha rudisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Makumbi hayo hunyonya maji na kuyaachia mizizi taratibu, na huchukua miaka kuoza. Samadi ya kuku isiwekwe mbichi. Ina nguvu mno, huunguza mizizi, basi ilundikeni na majani makavu kwa miezi kadhaa kwanza. Na tuta la kiangazi lisiinuliwe. Lichimbeni liwe chini ya usawa wa uani kwa kiganja kimoja, ili kila tone likimbilie kwenye mizizi na upepo upite juu. Funikeni udongo kwa nyasi kavu. Upande unakotoka kaskazi simamisheni ukuta mfupi wa makuti, kwani upepo huo hukausha majani hata pale udongo unapokuwa na unyevu. Mwagilieni alfajiri au jua likizama.

Katika joto kavu wadudu wanaosumbua zaidi ni vidukari na utitiri mwekundu. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni kidogo na vidole vya watoto. Utitiri hauonekani vizuri kwa macho, utauona kwa jani lililopauka lenye utando mwembamba chini yake, na dawa ya kwanza ni kulirushia maji upande wa chini kila asubuhi kwa siku kadhaa. Majani na mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha husaidia kwa wadudu wengi laini.

Watoto wapewe tuta lao. Nasema tuta lao kweli, wachague wapande nini kutoka kwenye ile orodha ya daftari, na mtu mzima asilipalilie kwa siri. Kwa mtoto wa miaka saba mchicha ndio mwalimu bora, kwa kuwa mbegu aliyoisia mwanzoni mwa likizo ataila kabla shule hazijafunguliwa. Wakubwa kidogo wapewe bamia, kwa sababu bamia inadai uangalifu wa kila siku. Tunda likipita siku tano au sita tangu ua lifunguke, huanza kuwa na nyuzi, na likiachwa likomae mmea huona umemaliza kazi, hupunguza kuzaa. Kuna kipimo ambacho wazee hukifundisha kwa vitendo tu, nami nilikisikia tena hivi karibuni uani kwetu.

"Shikamoo bibi. Hii nimeiacha inenepe."

"Marahaba, mume wangu. Hebu ivunje ncha kwa dole gumba."

"Inapinda."

"Basi hiyo si ya mboga tena, iache iwe mbegu. Chuma zile zinazovunjika, hata kama unaona bado ndogo."

Elimu ya namna hiyo ina historia yake Tanzania, na inafaa watoto waijue. Mwaka 1973 nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu wazima walikusanyika kwa vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi pamoja, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda, na bustani za mboga zilikuwa miongoni mwa hayo ya kutenda. Miaka michache baadaye, uchumi ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1980 na maduka yakawa matupu, wafanyakazi wa Dar es Salaam wenye vyeo na wasio na vyeo walilima mchicha na kufuga kuku nyuma ya nyumba zao. Mzee au bibi yeyote aliyepita kipindi hicho ana ujuzi wa bustani ya dhiki. Mwulizeni likizo hii, akiwa bado na nguvu ya kuwaonyesha kwa mikono.

Tuingie jikoni sasa, na tuanze na kisamvu, maana ndicho kinachoharibiwa zaidi na haraka. Majani ya muhogo yana kemikali ambayo jani likipondwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sumu ya sayanaidi. Hilo linatisha, lakini bibi zetu walilitatua kwa kinu na mchi. Kutwanga kwa nguvu huvunja kila chembe ya jani, sumu hutoka yote kwa pamoja, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 26 tu, ambazo ni chini ya joto la kawaida la mchana wetu, moto wa jiko huifukuza hewani bila taabu. Masharti ni mawili: kitwangwe kilainike kabisa, na kichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Anayekikatakata kwa kisu na kukifunika mfuniko ili kuokoa mkaa anaizuia sumu ndani. Chuma majani machanga ya juu, toa vikonyo, twanga na punje mbili za kitunguu saumu, chemsha kwa maji mengi kwa saa moja au zaidi, ukiongeza maji yakipungua. Maji yakikaribia kukauka weka tui jepesi na kitunguu, halafu karanga zilizosagwa, mwisho tui zito. Kwa sisi wa pwani chumvi na pilipili mbuzi moja isiyopasuliwa vinatosha. Kinapoa usiku kucha, na kesho yake ni kitamu zaidi.

Mchicha unataka kinyume chake, unataka upesi. Tabia ya kuuchemsha kwa maji mengi kisha kuyamwaga natamani iishe katika nyumba zetu. Vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji hayo na kwenda nayo kwenye karo. Osha mchicha kabla ya kuukata, kata, weka kwenye sufuria yenye kitunguu kilicholainika na nyanya moja, bila maji zaidi ya yale yaliyobaki kwenye majani. Dakika chache unasinyaa. Hapo mimina tui zito, koroga bila kuacha hadi lichemke mara moja tu, epua. Tui likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika, mafuta yakajitenga, na mboga hupoteza ule ulaini wake.

Nazi, karanga au kijiko cha mafuta si anasa katika mboga za majani. Majani ya kijani yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho na kinga, na karotini haiyeyuki kwenye maji. Bila mafuta kidogo sehemu kubwa yake hupita tumboni bila kufyonzwa. Wanaokula matembele yaliyochemshwa na chumvi tu, kwa kuamini ndiyo afya, wangeongeza karanga kiganja kimoja wangefaidi zaidi. Madini ya chuma nayo yana tabia yake: ndimu iliyokamuliwa mezani husaidia mwili kuyachukua, wakati chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Chai isogezwe saa moja mbele. Kwa mama mjamzito na msichana aliyevunja ungo, mabadiliko hayo mawili hayagharimu chochote.

Bamia na nyanya chungu ni chakula cha siku ya uchovu. Dagaa wakavu waliotolewa vichwa na kuoshwa wakaangwe kidogo na kitunguu, nyanya ziwekwe zirojeke, nyanya chungu zilizokatwa nne nne zitangulie kwa kuwa huiva polepole, bamia nzima zifuate dakika kumi kabla ya kuepua. Asiyependa utelezi aongeze ndimu, kwani ukali wake huupunguza. Kuna wanaotia magadi ili mboga ilainike upesi na ibaki ya kijani, hasa mlenda na bamia. Magadi huua vitamini C na baadhi ya vitamini B. Mlenda bila magadi hauna ladha tuliyoizoea, nakubali, basi iwe ncha ya kijiko.

Ikitokea mboga zimezidi mahitaji, watu wa bara wametutangulia mbali. Wagogo wa Dodoma hukausha na kusaga majani ya mlenda yakawa unga wa mwaka mzima. Wasukuma na Wanyamwezi hukausha majani ya kunde, na viazi vitamu hugeuka michembe vikikatwa vibichi na kuanikwa, au matobolwa vikichemshwa kwanza. Jua la kiangazi ni jiko la bure kwa kazi hiyo, ila majani yasilale juani moja kwa moja, maana mwanga mkali huangamiza karotini. Yachovyeni kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, yachujeni, yatandazeni juu ya ungo kivulini mahali penye upepo, chini ya kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Yakikauka hadi yanavunjika kwa vidole, tieni kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kaskazi inayotusumbua bustanini inatumika hapa kwa faida.

Kwa upande wa Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amefanya kazi kubwa ya kuzirudishia heshima mboga za asili kama managu (mnavu), saga (mgagani) na majani ya kunde. Utotoni mwili wake ulivikataa vyakula vitokanavyo na wanyama, na mboga hizo zikamlea. Wakati anaanza utafiti, wataalamu wengi walizihesabu kuwa magugu. Leo ziko kwenye migahawa ya Nairobi. Nataja hili kwa sababu bado kuna nyumba, mijini hasa, ambapo mgeni akija mama huona haya kuweka mnavu mezani na hutuma mtoto akanunue kabichi.

Asiye na uani asijitoe. Baada ya ghasia za uchaguzi za Kenya za mwaka 2007 na 2008, chakula kilipokuwa taabu katika mtaa wa Kibera, Nairobi, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia maelfu ya familia kulima kwenye magunia mbele ya milango. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yashuke hadi chini. Njia rahisi ya kuijenga ni kuweka kopo lisilo na kitako, kulijaza kokoto, kuzungushia udongo, kulivuta juu, na kurudia hadi mdomoni. Ubavuni hutobolewa matundu ya miche. Gunia moja hubeba miche kadhaa ya mchicha au sukuma wiki mahali pa kuweka kiti. Kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Unguja liwekwe lipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, vinginevyo plastiki huchemsha mizizi. Familia mbili za nyumba ya kupanga zikishirikiana magunia manne, moja ikimwagilia asubuhi na nyingine jioni, hakuna atakayeona mzigo.

Februari ikielekea ukingoni, fikirieni mbegu. Acheni miche miwili ya mchicha iliyo mizuri kuliko yote ichanue, na zile bamia zilizopita wakati zikaukie mtini hadi zitikiswapo zisikike. Mashuke ya mchicha yakatwe asubuhi, yaanikwe juu ya shuka, yapigwe kwa mikono na kupepetwa kwenye ungo. Kaushieni mbegu kivulini, zihifadhini kwenye chupa kavu pamoja na majivu yaliyochekechwa, muandike aina na mwezi kwenye kipande cha karatasi na kukibandika. Kisha rudini kwenye matuta. Yale mliyoyachimba chini hayafai tena. Wiki ya kwanza ya Machi, kabla wingu halijatulia, yajazeni udongo na samadi hadi yawe juu ya usawa wa uani, maana tuta la shimo likikutwa na masika hugeuka dimbwi, na mizizi ya matembele huoza ndani ya wiki.